Draivu ya tepu ikizingua: namna ya kuipima kabla hujaiandikia dokezo la kifo

Naanza na kosa langu mwenyewe ili mjue haya ninayoandika nimeyalipia. Miaka kadhaa nyuma nikiwa kwenye ofisi moja hapa Dodoma, sitaitaja, draivu ya LTO-6 (LTO ni aina ya tepu za kuhifadhia nakala za data, namba ni kizazi chake) ilianza kufeli bakapu za usiku, mara inaandika gigabaiti mia tatu inakata, mara inafika nusu, mara haisomi kabisa, nikabadilisha tepu mara mbili, nikaisafisha, bado, nikaandika dokezo kwamba draivu imekufa inunuliwe nyingine. Dokezo likapanda, likashuka, likarudi kuulizwa bei, likapanda tena, hatimaye draivu mpya ikaja, nikaifunga Ijumaa jioni nikaenda zangu. Jumatatu nafungua logi, kosa ni lile lile, neno kwa neno. Ilikuwa nini nitawaambia tukifika kwenye kebo, kwanza tufuate mpangilio ambao siku hizi siuruki hata kama bosi amesimama mlangoni.

Draivu yenyewe iwe mtuhumiwa wa mwisho. Kabla yake kuna tepu, kuna kichwa cha kusomea na kuandikia kikiwa kichafu, kuna kebo na ile kadi iliyoko ndani ya seva, kuna seva inayoshindwa kuleta data kwa kasi, na kuna programu ya bakapu iliyosetiwa vibaya. Wote hao wakikosea ujumbe unaokuja kwenye skrini ni ule ule, "Input/output error", na mtu aliyechoka saa tatu usiku anaona draivu tu kwa sababu ndiyo yenye taa. Mimi natumia Linux na programu ya bakapu iitwayo Bacula kwa hiyo mifano ni ya huko, mwenye programu nyingine atabadilisha amri lakini njia ni hiyo hiyo.

Usizime kwanza

Najua mkono unawasha kwenda kwenye swichi. Ukizima na kuwasha, ushahidi mwingi unaondoka na huenda draivu ikafanya kazi siku mbili halafu ikagoma tena, na wewe huna ulichojifunza. Angalia uso wa draivu. Zile za IBM, ambazo ndizo ziko ndani ya laibrari nyingi (yale makabati ya tepu nyingi yenye roboti wa kuzipakia) hata kama nje kuna nembo ya kampuni nyingine, zina kidirisha kidogo cha herufi moja. Ikiandika C inaomba kusafishwa, 6 ni draivu au tepu haijaamua, 7 uwezekano mkubwa ni tepu, 8 ni njia ya kuongea na seva, 5 ni vyuma vya draivu yenyewe, 1 ni joto. Za HPE zinatumia taa, ya usafi peke yake, ya tepu peke yake, ya draivu peke yake. Piga picha na simu kabla hujagusa kitu, maana ukishagusa hiyo herufi inaweza isirudi.

Halafu chukua maneno ya seva na uyahifadhi kwenye faili:

    dmesg -T > /root/draivu-leo.txt
    lsscsi -g

Hiyo lsscsi inakuonyesha kama seva inaiona draivu. Mstari wenye neno tape ndiyo draivu, mwishoni utaona majina mawili, mfano /dev/st0 na /dev/sg2, andika yote mawili kwenye daftari. Mstari wenye mediumx ni roboti wa laibrari kama unaye. Kama mstari wa tape haupo kabisa usihangaike na tepu wala usafi, hapo ni umeme, kebo, kadi, au umechomeka draivu kwenye kadi ya RAID, ile ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Hii ya mwisho nimeikuta zaidi ya mara moja, mtu ananunua draivu nzuri anaichomeka kwenye kadi ya RAID ya seva kwa sababu tundu linafanana, na kadi nyingi za RAID hazitaki kabisa mambo ya tepu. Inatakiwa HBA ya kawaida, yaani kadi ya kuunganisha tu isiyo na mambo ya RAID.

Sasa hapa kwenye majina, kuna st0 na kuna nst0, na tofauti yake imewatia watu matatani. Ukitumia st0, kila kazi ikiisha draivu inarudisha tepu mwanzo yenyewe. Kwa hiyo ukiandika bakapu ya kwanza kupitia st0, halafu ukaandika ya pili, ya pili imekaa juu ya ya kwanza, na hakuna aliyekuonya. nst0 hairudishi, inabaki pale ilipoishia. Kwenye programu ya bakapu weka nst0 siku zote, na kama seva ina draivu zaidi ya moja tumia majina yaliyoko kwenye /dev/tape/by-id/ kwa sababu st0 ya leo ukiwasha upya seva inaweza kuamka inaitwa st1.

    mt -f /dev/nst0 status

Hii inahitaji kifurushi cha mt-st, maana ile mt inayokuja na cpio haina baadhi ya amri nitakazotaja. Kwenye majibu tafuta ONLINE, maana yake tepu imeingia na iko tayari, BOT iko mwanzo, DR_OPEN hakuna tepu au haijakaa, WR_PROT kile kidude chekundu cha kuzuia kuandika kimesukumwa. Cheka tu, lakini nimeshaitwa kutoka Kisasa mpaka Mtumba kwa ajili ya hicho kidude. Kuna pia namba ya density, inayotambulisha kizazi cha tepu, 0x58 ni LTO-5, 0x5a ni LTO-6, 0x5c ni LTO-7, 0x5e ni LTO-8, 0x60 ni LTO-9. Inasaidia pale ambapo stoo wamekuletea tepu ya kizazi kingine. Mpaka LTO-7 draivu ilikuwa inasoma vizazi viwili vya nyuma na kuandika kimoja cha nyuma, ilipofika LTO-8 mambo yakabadilika, yenyewe inashughulika na 7 na 8 tu, na LTO-9 inashughulika na 8 na 9 tu. Ukiweka tepu ya LTO-6 kwenye draivu ya LTO-8 itaitema, na huo sio ubovu. Na kama una LTO-9 mpya kabisa, tepu ikiingia mara ya kwanza inajipima, inaweza kuchukua mpaka saa mbili, iache, watu wanaichomoa katikati wakidhani imeganda.

Draivu ina kidomo chake, isikilize

Kuna kitu kinaitwa TapeAlert, ni bendera 64 ambazo draivu inazipandisha yenyewe ikiona tatizo. Kuzisoma:

    sg_logs -p 0x2e /dev/sg2

Angalia hapo ni sg2, sio nst0. Na sikiliza vizuri hili, kwenye draivu nyingi ukishazisoma zinafutika. Yaani ukiendesha hiyo amri mara ya kwanza ukaona ya moto, ukaendesha mara ya pili umwonyeshe mwenzako, zinakuja safi zote. Kwa hiyo mara ya kwanza hiyo hiyo peleka kwenye faili. Na kama programu yako ya bakapu nayo inazisoma, huenda imeshakutangulia, tafuta kwenye logi zake.

Bendera ninazozijali mimi ni chache. 20 ni "nisafishe sasa hivi", 21 ni "usafi wa kawaida umefika", 22 tepu ya kusafishia imeisha, 5 na 6 kusoma na kuandika kumeshindikana, 4 tepu yenyewe haifai, 7 tepu imefika mwisho wa maisha yake, 30 na 31 ni vyuma vya draivu, 32 ni mawasiliano na seva. Ukiona 30 au 31 zinajirudia na tepu tofauti ndipo uanze kufikiria msiba. Ukiona 32, achana na tepu, fuata kebo.

Baada ya hapo soma hesabu za makosa, 0x02 ni ya kuandika na 0x03 ni ya kusoma:

    sg_logs -p 0x02 /dev/sg2
    sg_logs -p 0x03 /dev/sg2

Makosa yaliyorekebishwa ni kawaida, draivu inaandika na kusoma papo hapo nyuma yake, ikiona hapakukaa vizuri inaandika tena mbele, kwa hiyo usishtuke kuona namba. Mstari wa "Total uncorrected errors" ndio unatakiwa uwe 0. Mimi naandika namba za makosa yaliyorekebishwa kwenye daftari kila mwezi kwa tepu ile ile ya majaribio, zikianza kupanda mwezi hadi mwezi najua kichwa kinachafuka au kinachakaa kabla bakapu yoyote haijafeli.

Na tepu nayo ina kumbukumbu, kuna chipu ndogo ndani ya kaseti. Ukiwa na tepu ndani ya draivu piga

    sg_read_attr /dev/sg2

inakuambia imepakiwa mara ngapi, imeandikwa kiasi gani tangu izaliwe, na namba za draivu 4 za mwisho zilizoishika. Hii nimeipenda sana kwa sababu mtu akikuambia "hii tepu mpya kabisa fundi", kaseti inamuumbua.

Vumbi la huku na tepu ya kusafishia

Anayekaa Dodoma hahitaji kuelezwa upepo wa mwezi wa nane na wa tisa. Asubuhi unafuta meza, saa sita unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Seva rumu nyingi za huku zilikuwa vyumba vya kawaida vikawekwa AC, dirisha la alumini halizibi vizuri, mlango unafunguliwa kila saa, na draivu ina feni ya kuvuta hewa, kwa hiyo inavuta na hilo vumbi jekundu. Mara ya mwisho nilipofungua mfuniko wa nyuma wa laibrari moja, matundu ya feni yalikuwa na vumbi limejikunja kama sufi, ukiligusa linatoka kipande kizima, na chini yake kuna unga laini kama wa uwele uliochekechwa mara mbili. Kichwa cha kusomea kinagusana na utepe unaokimbia mita kadhaa kwa sekunde, sasa fikiria huo unga katikati.

Tepu ya kusafishia ni kaseti kama nyingine, lebo yake inaanza na CLN, unaiingiza, inafanya kazi dakika chache inatoka yenyewe. Zile za kawaida zinatumika mara 50, baada ya hapo zinazunguka tu hazisafishi, na draivu itakuwashia bendera 22 au itaitema. Ofisini watu hawahesabu. Chora mistari kwenye karatasi ubandike kwenye boksi lake, kama unavyohesabu madebe ya mchanga site. Mwingine anakwenda upande wa pili, anasafisha kila siku "kwa usalama", hiyo nayo ni mbaya, ule utepe wa kusafishia unakwaruza, unakula kichwa. Safisha draivu ikiomba, basi. Msimu wa vumbi mimi naongeza mara moja kwa mwezi hata isipoomba, huo ni uamuzi wangu sio wa kitabu. Spiriti na pamba sahau kabisa, na zile blowa za kupulizia kompyuta usipulize ndani ya mdomo wa draivu, unalisukuma vumbi lilikokuwa halijafika.

Ukisafisha ikaomba tena baada ya tepu moja tu, jua kuna tepu inayomwaga uchafu. Tepu moja mbovu inachafua kichwa, kichwa kinachafua tepu inayofuata, na unaona kama laibrari nzima imeugua. Itafute hiyo moja uitoe.

Jaribio la kubadilishana

Hapa ndipo utajua mbichi na mbivu. Unahitaji tepu mpya ambayo haijawahi kutumika, weka moja stoo kwa kazi hii tu usimpe mtu. Tepu iliyofeli ikifeli na tepu mpya ikipita, tatizo ni tepu. Zikifeli zote, safisha, rudia na mpya. Bado inafeli, na una draivu nyingine au jirani ana ya kizazi hicho, peleka ile tepu iliyofeli kwake. Ikisoma vizuri kule, tepu ni nzima na tatizo ni la kwako, kuanzia draivu kurudi nyuma mpaka seva. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha tepu na kebo na fimwea (programu ya ndani ya draivu) kwa pamoja ikapona, umeponya lakini hujui dawa.

Jaribio lenyewe la kuandika nalifanya hivi, na ONYO, hii inafuta kilichoko kwenye tepu, usiifanye na tepu ya bakapu:

    dd if=/dev/urandom of=/data/jaribio.bin bs=1M count=40960
    sha256sum /data/jaribio.bin
    mt -f /dev/nst0 setblk 0
    mt -f /dev/nst0 rewind
    dd if=/data/jaribio.bin of=/dev/nst0 bs=256k
    mt -f /dev/nst0 rewind
    dd if=/dev/nst0 bs=256k | sha256sum

Zile namba ndefu mbili za sha256sum zinatakiwa zifanane herufi kwa herufi. Kwa nini faili la gigabaiti 40 na sio 2? Tepu ya LTO-6 ina urefu wa mita 846, na data haiandikwi kama kaseti ya redio ya zamani upande mmoja tu, utepe unakwenda mpaka mwisho unarudi, unakwenda unarudi, safari 136 mpaka ijae terabaiti 2.5. Gawanya, kila safari ni kama gigabaiti 18. Ukiandika gigabaiti 2 umejaribu mita za mwanzo tu, ukiandika 40 umekwenda mpaka mwisho wa utepe na kurudi, na kama kuna sehemu imekunjika kule mbali utaikuta.

Kwa nini urandom na sio /dev/zero? Kwa sababu draivu inabana data yenyewe, na sifuri tupu zinabanwa mpaka zinaisha, utaona kasi ya ajabu ufurahi bure. Vilevile usichukue urandom moja kwa moja kwenda kwenye tepu, prosesa itachelewa na utailaumu draivu. Tengeneza faili kwanza kwenye diski yenye kasi.

Kasi

LTO-6 inaandika megabaiti 160 kwa sekunde kabla ya kubana, LTO-7 300. Hilo faili la juu kwa LTO-6 linatakiwa liishe ndani ya dakika 5 hivi. Likichukua dakika 20, angalia diski yako kabla ya draivu. Na bakapu zinazokuja kupitia mtandao wa gigabiti moja, huo mtandao hata ukiwa peke yake unaleta kama megabaiti 110, haufiki 160. Draivu inajaribu kupunguza mwendo ili iendane na wewe, ila ina kiwango chake cha chini, ukishuka chini ya hapo inabidi isimame, irudi nyuma, ijipange, ianze tena.

Utaisikia kabla hujaiona. Draivu yenye afya inatoa mlio mmoja mrefu kama cherehani inayoshona shuka, haikati. Ile inayokosa data inafanya vuuuu, kimya, tk, vuu, kimya, tk, vuu, kama fundi anayetafuta uzi kila hatua tatu. Usiku mzima wa namna hiyo unachosha mota, unachosha utepe, unachosha kichwa, na baada ya miezi utapata ubovu wa kweli ambao umeutengeneza mwenyewe. Dawa ni kumwaga bakapu kwenye diski kwanza halafu diski ndiyo imwage kwenye tepu kwa mkupuo. Kwenye Bacula ni SpoolData = yes kwenye Job, na saizi ya spuli, ndiyo hiyo nafasi ya diski ya kumwagia, kwenye Device, weka kwenye SSD. Nimewahi kuona bakapu ya saa 11 ikawa saa 5 kwa mstari huo mmoja, bila kununua kitu.

Kebo, na ile habari yangu

Ile draivu niliyoizika haikuwa na kosa. Bendera 32 ilikuwa imewaka tangu siku ya kwanza ila sikujua kuisoma, na dmesg ilikuwa imejaa mistari ya mpt3sas, dereva wa ile kadi ya ndani ya seva, ikilalamika na kuanza upya. Kilichonichanganya ni kwamba majaribio yangu ya mchana yote yalipita. Naandika gigabaiti 40, safi. Nasoma, safi. Usiku inafeli. Nikasema labda ni umeme wa usiku, nikahamisha UPS, nikamlaumu TANESCO ambaye safari hii alikuwa hana hatia. Siku moja mlinzi wetu, mzee mmoja wa Kigogo, yuko mlangoni ananisubiri afunge, akaniuliza "Mjukuu wangu, hilo kabati mbona mchana unaliacha wazi na jioni unalibamiza hivyo?" Nikamwambia babu ndivyo linavyofungwa. Nikageuka nikaangalia. Mlango wa nyuma wa reki ukifungwa unakandamiza kebo ya SAS, ile inayounganisha draivu na kadi ya seva, pale inapoingia kwenye draivu, imekunjwa karibu nyuzi tisini. Mchana nafanya kazi mlango wazi, kebo imenyooka. Jioni nafunga, kebo inakunjika, bakapu ya saa nne inafeli. Mamilioni ya serikali yameondoka kwa sababu ya mlango.

Kwa hiyo pima draivu katika hali ile ile inayofanyia kazi, mlango umefungwa, AC kama inavyokuwa usiku, feni zote. Chomoa kebo, angalia pini, rudisha mpaka isikike tk, usiikunje kwa kona kali. Kuwa na kebo ya akiba, ni rahisi kuliko kila kitu kingine kwenye huo mnyororo.

Programu yenyewe

Bacula inakuja na btape, programu ndogo ya kuijaribu draivu, na watu wengi hawajawahi kuigusa. Zima kwanza bacula-sd, huduma ya Bacula inayoshika draivu, maana draivu haishikwi na wawili, na ukipata "Device or resource busy" ndiyo maana yake, tumia fuser /dev/nst0 ujue nani kaishika.

    systemctl stop bacula-sd
    btape -c /etc/bacula/bacula-sd.conf /dev/nst0

Ndani andika test. Inaandika rekodi, inarudi nyuma, inasogea mbele kwenye alama za faili, inajaribu kuongezea mwishoni, na kama una roboti inajaribu kupakia na kushusha. Ikifeli hapa wakati dd ilipita, draivu ni nzima na mipangilio yako ndiyo mibovu, mara nyingi ni saizi ya bloku (kipande cha data kinachoandikwa kwa mara moja), na ile setblk 0 ya juu ndiyo inaweka bloku isiyo na saizi maalum. Kuna amri nyingine, fill, inajaza tepu nzima na kuhakiki. Ukipiga hesabu LTO-6 ni zaidi ya saa 4 kuandika tu, kwa hiyo ianzishe Jumamosi asubuhi wenzako wakiwa wameenda mnada wa Msalato kula nyama, na hakikisha jenereta ina mafuta. Hizi zote nazo zinafuta tepu, nimeshasema, nasema tena.

Roboti unaongea naye kwa mtx, sg3 ni jina lake kwenye ule mstari wa mediumx, 4 ni nafasi ya tepu na 0 ni draivu:

    mtx -f /dev/sg3 status
    mtx -f /dev/sg3 load 4 0
    mtx -f /dev/sg3 unload 4 0

Akigoma kushusha tepu, mara nyingi programu ilikufa ikiwa imefunga kufuli, jaribu mt -f /dev/nst0 unlock halafu mt -f /dev/nst0 offline. Kitufe cha kutolea kishikilie kwa muda, subiri, kurudisha utepe mzima kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Bisibisi weka mbali. Utepe una unene mdogo kuliko unywele, na ukishakatika ndani ya draivu umepoteza vyote viwili.

Na tepu zinazosafiri, zile mnazopeleka jengo la pili au Dar kwa usalama. Tepu ikidondoka, fungua kile kimlango chake kidogo uangalie pini inayoshikwa na draivu kama imekaa kwenye nafasi yake, ikiwa imelala pembeni usiiingize, itakwama. Zisafiri zimesimama kwenye maboksi yake, sio zimelundikwa kwenye mfuko wa rambo chini ya siti ya bajaji. Zikitoka kwenye gari la joto zikae chumba cha seva saa 24 kabla ya kutumika, na stoo yake iwe kati ya nyuzi 16 na 25. Tepu niliyowahi kuikuta juu ya dashibodi mchana wa mwezi wa kumi sikuijaribu hata mara moja.

Kila mwezi rudisha faili moja halisi. Sio la majaribio, faili ambalo mtu analijua. Mimi namfuata dada wa uhasibu namwambia nitajie dokumenti yoyote ya mwezi uliopita, anataja, nairudisha kwenye folda ya pembeni, anaifungua yeye mwenyewe na kuiangalia. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimeipoteza ya kwake. Siku hizi anauliza mbona umechelewa mwezi huu.

Sasa kama umepita huko kote, tepu mpya inafeli, kichwa kimesafishwa, kebo na kadi vimebadilishwa, bendera 30 au 31 inarudi kila mara, hapo draivu imekufa kweli na unaweza kuandika dokezo lako kwa kujiamini. Kabla ya hapo endesha programu ya mtengenezaji, ITDT kwa za IBM, L&TT kwa za HPE, toa dampu ya draivu (faili la kumbukumbu zake za ndani) na namba yake ya utambulisho ya kiwandani, ile serial number, ambatisha na zile picha za kidirisha, maana msambazaji ataziomba hata hivyo na usipokuwa nazo utazungushwa wiki mbili. Na kama kuna tepu imekwama ndani, usimkabidhi mtu draivu ikiwa nayo. Humo ndani kuna mishahara na majina ya watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fundi aje aitoe hapo hapo mbele yako, mnasaini, tepu inabaki kwenye kabati lako, draivu ndiyo inaondoka.